Sajini Asiyejua Kuanguka

Sajini Ongom alikuwa na shingo nene kuliko paja langu, na jambo hilo yeye alilihesabu kuwa ni elimu. Ukimwuliza judo ni nini, alikunja mkono akakuonyesha msuli. Mimi naitwa Fadhul, na nilikuwa mwalimu wa judo wa polisi katika ukumbi mmoja karibu na Nakivubo. Mchezo huo nilijifunza kwa Mjapani mmoja mwembamba aliyefika Kampala miaka ya mwanzo ya uhuru, na neno la kwanza alilonifundisha lilikuwa kuacha. Acha mabega, acha viwiko, acha pumzi itoke. Ongom neno hilo hakutaka hata kulisikia. Kwake yeye mtu aliyelegea ni mlevi au ni maiti.

Ukumbi wenyewe ulikuwa ghala la zamani. Mkeka tuliutengeneza kwa mikono yetu: magunia yaliyojazwa maganda ya kahawa, juu yake turubai la hema limekazwa kwa kamba. Mtu akianguka, vumbi la kahawa linafuka kutoka kwenye mishono, na jioni tunarudi nyumbani tukinuka kahawa ambayo hatukuwa na sukari ya kuinywea. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Wanajeshi walikuwa wakitawala, maduka yalikuwa matupu, na watu walikuwa wamejifunza kuongea huku wakitazama mlango.

Sasa, pale ukumbini palikuwa na desturi ambayo Mjapani wangu hakutuachia. Konstebo akishikana na koplo, konstebo ndiye anayeanguka. Koplo akishikana na sajini, koplo ndiye anayeanguka. Hakuna aliyetoa amri hiyo. Ilikuja yenyewe, kama vile mtu anavyompisha mkubwa mlangoni bila kuambiwa. Ongom alikuwa mkubwa wa wote mle ndani, kwa hiyo alikuwa hajaanguka kwa miaka mingi. Anamshika kijana kifuani, anamtikisa kama mtu anayekung'uta blanketi, kijana anajirusha chini na kupiga turubai kwa kiganja, na Ongom anageuka kututazama, anahema, amefurahi. Masikini ya Mungu, alidhani anashinda.

Niliwahi kumwambia. Nilimwambia, "Afande, hawa wanaanguka kwa cheo chako, si kwa judo yako."

"Mwalimu, wewe iko na maneno mingi sana," akanijibu. "Mimi iko na mikono."

Basi nikamwacha na mikono yake. Mbishi haambiwi mara mbili.

Aliyeonewa zaidi na desturi ile alikuwa Santina Adyero. Huyu alikuwa konstebo wa kike, mwembamba, mtu wa maneno machache, na kwa kuwa chini yake hapakuwa na mtu mwingine, yeye aliwaangukia wote. Kila walipokuja vijana wapya Ongom alimwita Santina katikati ya mkeka, akambwaga mbele yao ili wajue sajini ni nani. Alimbwaga asubuhi, alimbwaga jioni. Hakuna aliyetambua, na Ongom ndiye wa mwisho ambaye angetambua, kwamba kwa kubwagwa hivyo msichana yule alikuwa amejua kitu ambacho sisi wote tulikuwa hatukijui vizuri. Alianguka bila kuumia kabisa. Mwili wake ulikwenda ulikovutwa, ukafika chini, ukainuka. Ungeweza kumtupa juu ya mawe ya reli.

Kisha akaja Luteni Wahabi.

Luteni Wahabi alikuwa mwanajeshi, mtu wetu sisi Wanubi, tuliopendelewa na serikali ile, na nasema hivyo bila kujivunia. Alikuwa amepelekwa ng'ambo kwa mafunzo ya miezi michache, akarudi na miwani myeusi, saa kubwa, na imani kwamba amejua judo. Mchana mmoja aliingia ukumbini na askari wawili wenye bunduki, akavua viatu, akavaa koti tulilomletea mbio, akasema anataka mtu.

Tulimpa Odur, konstebo kijana, mwepesi wa kuelewa mambo. Odur alielewa upesi mno. Luteni aliponyoosha mkono tu, kabla hata hajashika koti, Odur tayari alikuwa chini anapiga turubai. Luteni akamwinua kwa sikio, akamzaba kibao kilichosikika hadi barabarani.

"Wewe nafanya mimi mtoto?" akamwuliza. "Mimi nataka anguka ya kweli! Mimi hapana taka mchezo ya bibi harusi!"

Akatutazama mmoja mmoja, akachagua aliyekuwa mnene kuliko wote. Akamchagua Ongom.

Nataka mnielewe hapa. Ongom hakuwa mjinga kiasi cha kutaka kumshinda luteni wa jeshi. Alijua kabisa kwamba anatakiwa kuanguka. Alitaka kuanguka. Shida ni kwamba hakujua kunavyofanywa. Luteni alipomvuta, mwili wa Ongom ukafanya kitu pekee ulichokijua: ukakakamaa. Miguu ikajikita, shingo ikavimba, mikono ikawa magogo. Luteni akavuta kushoto, akavuta kulia, akatia mguu, akatoa mguu. Jasho likamtoka. Ongom naye jasho likamtoka, macho yamemtoka pima, na midomo yake ikawa inasema, "Naanguka afande, naanguka," lakini haanguki. Sijapata kuona mtu akijitahidi hivyo kushindwa, halafu akashindwa kushindwa.

Mwishowe Luteni akamwachia. Alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile hakuna aliyelipenda.

"Wewe mtu ya wapi?" akamwuliza.

"Kitgum, afande."

"Aaa. Kitgum." Akafuta jasho kwa taulo, taratibu. "Jumamosi ya mwisho ya mwezi, mimi nakuja na wageni. Wakubwa. Mimi na wewe tunafanya tena, mbele yao. Kitgum, eh?"

Akaondoka. Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa swali lile. Kitgum ni kwa Waacholi, na wanajeshi waliwahesabu Waacholi na Walango kuwa watu wa rais waliyempindua. Miaka ile mwanajeshi au polisi wa Kiacholi au wa Kilango akiulizwa kwao ni wapi, mkewe alianza kulia siku hiyo hiyo. Watu walikuwa wanaitwa kazini na hawarudi, na hakuna aliyethubutu kwenda kuuliza waliko. Ongom alikuwa na mke, Rosebella, na watoto katika chumba kimoja cha kambi. Akimtia Luteni aibu mbele ya wakubwa, atapotea. Akijiangusha ovyo kama Odur, ataonekana anamdhihaki, na atapotea vilevile. Alitakiwa aanguke kweli, kwa mkono wa mtu asiyejua kuangusha. Kazi hiyo inataka ustadi, na Ongom alikuwa na misuli.

Alikuja kwangu kwanza. Nilijaribu. Nilimwambia alegeze mabega, akayapandisha hadi masikioni. Nilimwambia apumue, akajaza kifua akakishikilia. Samaki mkunje angali mbichi, na huyu alikuwa ameshakaushwa kwa moshi. Nikamwambia, "Afande, kuna mtu mmoja tu hapa anayejua kuanguka, na wewe ndiye uliyemfundisha kwa kumbwaga. Nenda kamwombe."

Ongom akaenda. Kwake yeye kumwomba Santina ilikuwa karibu sawa na kufa, lakini karibu tu.

Santina alikubali kwa sharti. Alilisema mbele yangu, kwa sauti ile ile ya kuripoti kazini.

"Nitakufunza, afande. Lakini ukipona, siku moja utaanguka kwangu. Hapa hapa ukumbini, wote wakiona. Mara moja tu."

"Nitaanguka," akasema Ongom.

"Apa."

Akaapa kwa jina la mama yake. Mtu mwenye kisu shingoni haapi kwa kidogo.

Walifanyia mazoezi Namuwongo, kwenye uwanja wa nyasi nyuma ya reli, saa za mchana ambapo watu wako kwenye shughuli zao, ili mtu asimwone sajini akiangushwa na konstebo. Nilikwenda nao kama mwalimu, lakini kusema kweli nilikwenda kucheka. Siku za mwanzo nilicheka sana. Ongom alimshika Santina ukosi wa koti kama amekamata mwizi wa kuku. Santina akamvuta, Ongom akasimama tu. Akamvuta tena, Ongom akajitupa mwenyewe, akatanguliza mkono, nusura avunje kiwiko. Alipoinuka alikuwa amekasirika, akataka kumbwaga Santina hapo hapo ili apoze roho. Wanaume wa namna hii ndivyo walivyo. Wakishindwa kujifunza, wanapiga.

Santina hakubishana naye. Alimtazama, kisha akamwuliza, "Afande, nyumbani kwenu simsim mnavuna namna gani?"

"Nini?"

"Simsim. Nieleze. Eleza huku tumeshikana."

Ongom akadhani anafanyiwa mzaha, lakini Jumamosi ile ilikuwa inakuja, basi akaeleza. Mwanzo kwa maneno mafupi, ya kipolisi. Simsim, yaani ufuta, inakatwa. Inafungwa. Inasimamishwa juani. Kisha akaeleza jinsi mama yake alivyogeuza fungu juu ya ngozi ya ng'ombe na kulipigapiga kidogo kwa kijiti, na mbegu zikamwagika zenyewe, na jinsi ilivyokatazwa kupiga kwa nguvu kwa sababu zitaruka zipotee. Hapo akaacha Kiswahili, akaingia Kiacholi bila kujua. Mabega yakashuka. Nikayaona yakishuka. Santina akamvuta kidogo sana, na lile jitu likaenda chini kwenye nyasi kwa mviringo, mkono ukapiga ardhi mahali pake, likalala likitazama juu.

Hakuinuka mara moja. Alianza kulia. Sikucheka tena, nasema kweli. Nilikuwa nimemwona miaka yote ile amekaza mwili, na nilidhani ni kiburi. Kilikuwemo kiburi, kingi tu, sitamtetea. Lakini chini ya kiburi mtu yule alikuwa anaogopa usiku na mchana, kama sisi wote, ila yeye woga wake alikuwa ameufuga mpaka ukanenepa. Aliuita nguvu, na akautumia kuwapigia walio chini yake.

Tangu siku ile alijifunza. Santina alimweleza kosa lililokuwemo katika anguko la Odur, na namna ya kutambua mtu aliyeangushwa na mtu aliyejilaza. "Aliyeangushwa anachelewa kidogo," alimwambia. "Mwili unashangaa. Anayejilaza hashangai." Ongom akawa anaanguka vizuri. Mwishoni alikuwa hahitaji kuongea kwa sauti; midomo inacheza tu, na mimi nilijua yuko kwa mama yake anapukuta simsim.

Jumamosi ikafika. Luteni Wahabi alileta wakubwa kweli, wanaume wenye matumbo na wanawake waliovaa wigi, wakakaa kwenye viti vya kukunja tulivyoazima, wakanywa bia ambazo hatukujua zimetoka wapi. Askari wakasimama mlangoni. Mimi ndiye niliyekuwa mwamuzi. Rosebella alikuja amejifunga kanga nyeusi ya msiba. Akakaa nyuma, na mtu yeyote angeona alichojiandalia.

Walipoinamiana, Luteni alimrukia Ongom na kumshika kwa hasira aliyokuwa ameilea mwezi mzima. Alikumbuka lile gogo la siku ile. Alikuwa amekuja kung'oa gogo, akajikunja, akavuta kwa nguvu zake zote na za serikali.

Gogo halikuwapo. Mikononi mwake alikuwa na mtu aliyelegea kama nguo iliyoloweshwa, aliyekuja alikovutwa bila kukataa hata kidogo. Luteni akaenda kinyumenyume na mvuto wake mwenyewe, kisigino kikanasa kwenye mshono wa turubai, miguu ikapaa. Luteni wa jeshi la Uganda akaanguka chali mbele ya wakubwa, na vumbi la kahawa likafuka pande zote.

Nilimsikia mwanamke mmoja akimaka kwa Kiganda, "Banange!" kisha akaziba mdomo.

Sekunde ile ndipo nilipoelewa kazi ya Santina. Ongom wa zamani angesimama pale wima, mwenye nguvu, mshindi, na asingeiona Jumapili. Lakini mwili ulikuwa bado unakwenda. Mikono ya Luteni ilikuwa bado imeshika koti, na Ongom akaifuata. Akapita juu ya kichwa cha Luteni kwa mviringo mkubwa, akatua upande wa pili kwa mgongo, pa! Na alichelewa kidogo, kama mtu anayeshangaa.

Katika judo ipo namna ya kumtupa mtu kwa kujilaza wewe mwenyewe kwanza. Ni namna ngumu, na Luteni hakuwahi kuisikia. Nikainua mkono juu.

"Pointi kamili!" nikapaza sauti. "Luteni Wahabi! Mabibi na mabwana, hii ndiyo ile ya kujitoa mhanga! Hata Japani wanaofanya hivi ni wachache!"

Luteni alikuwa bado amelala, anatazama mabati. Nilimwona akifikiri. Alipopiga goti alikuwa na mashaka. Alipofika wima mashaka yalikuwa yamekwisha, na aliponyoosha mikono juu alikuwa ameyapanga yote tangu mwanzo. Wakubwa wakapiga makofi. Mmoja akauliza kama anaweza kufanya tena. Luteni akasema leo inatosha, asije akamuumiza mtu.

Kisha akampiga Ongom begani. "Wewe mtu mzuri," akamwambia. "Kumbe Kitgum iko na watu mzuri." Akaamuru apewe kilo ya sukari kutoka garini. Rosebella aliipokea kwa mikono miwili, akapiga magoti.

Sasa ningependa kuwaambia kwamba Ongom alibadilika. Ningependa sana. Nguvu ya mamba ni maji, na nilidhani ameona jinsi mamba anavyokuwa akitolewa majini. Lakini wiki iliyofuata hakuja ukumbini. Goti linauma, alisema. Wiki ya pili mgongo. Mitaani alitembea vizuri tu, na kwenye baa alieleza jinsi yeye na Luteni walivyopimana ubavu.  Kila siku Santina alivaa koti lake, akasubiri.

Mwishowe Ongom akaja, kwa sababu walikuwa wamefika vijana wapya na alitaka wajue sajini ni nani. Akaita, "Santina!" kama zamani.

Santina akaja katikati. Akainama kwa heshima, akamshika ukosi kwa vidole, na kwa sauti ambayo ni mimi na Ongom tu tulioisikia akasema, "Leo, afande."

Akamvuta. Ulikuwa mvuto mzuri, mwepesi, wa wakati wake. Na mwili wa Ongom ulikubali. Niliona kwa macho yangu: mabega yalishuka, uzito ukaanza kwenda. Kisha akatupa jicho kwa vijana waliokuwa wanatazama. Akajikaza. Akaikita miguu, akamnyanyua Santina juu na kumbwaga kwa uzito wote alionao, na akaanguka juu yake makusudi.

"Ulifikiri nini?" akasema alipoinuka. "Kuanguka kwa luteni, hiyo ni kazi. Kuanguka kwa mwanamke, hiyo ni aibu."

Santina aliinuka polepole, mkono mmoja ameshika mbavu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona ameumia.

"Nilifikiri umejua kuanguka, afande," akasema. "Kumbe umejua kuogopa tu."

Akafungua mkanda, akautundika, akatoka nje kwenye jua. Nilitamani ningekuwa na ubavu wa kumpiga mtu yule kofi, kama Luteni alivyompiga Odur.

Ongom akacheka peke yake, akamwita koplo mmoja, Ogwal. Ogwal akaja, akavutwa, akaenda chini na kupiga turubai kwa kishindo. Ongom akageuka kututazama, amefurahi kama kawaida. Kisha furaha ikasita. Akamtazama tena Ogwal pale chini. Akaita mwingine, akamvuta kwa uangalifu, akimwangalia usoni. Naye akaanguka, upesi, bila kushangaa.

Niliona uso wa Ongom unabadilika. Alikuwa amefundishwa sasa. Alijua kutofautisha. Akawatazama wote waliopanga foleni pembeni mwa mkeka, wanaume aliowashinda miaka na miaka, na nadhani alikuwa anawarudisha nyuma mmoja baada ya mwingine, akitafuta hata mmoja aliyeshangaa.

"Odur!" akaita. "Kuja hapa. Wewe hapana anguka. Unasikia? Simama na nguvu yako yote. Hiyo ni amri. Hapana anguka!"

"Ndiyo, afande," akasema Odur, akaingia mkekani, na kabla Ongom hajafikisha mkono kwenye koti lake, akaanguka.